Kipande cha Chupa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidoti alikuwa na kazi ambayo wenzake hawakuwa nayo: kushikilia kipande cha godoro kuukuu huku mama yake akikishona. Mama alikipasua kwa wembe, akaziba mpasuo kwa sindano iliyopinda, akakata uzi, akaanza upya. Zamani alikuwa muuguzi. Aliacha kazi alipojifungua mapacha, wadogo zake Kidoti, waliozaliwa wagonjwa, na sasa, baada ya miaka tisa, zahanati ilimpa mwezi mmoja wa majaribio. Muuguzi mkuu asiporidhika, ndiyo basi tena.

Mama alishona huku akimuuliza maswali, na Kidoti alikuwa ameyakariri majibu: osha, chunguza, ndipo ushone. Jeraha likifungwa likiwa na kitu ndani, linaoza.

Siku hiyo, wakati wa mapumziko, msichana mmoja aliyeitwa Twiga alisimama mbele ya wenzake karibu na ngazi za darasa la sita. Waliomwita Twiga hawakukosea, maana alimpita hata mwalimu wa hesabu kwa urefu. Jana yake alichomwa sindano zahanati, na mama yake Kidoti alitetemeka mkono mpaka akamchoma mara mbili. Sasa Twiga aliutetemesha mkono wake hewani, watu wakavunjika mbavu.

"Mama yako ameshasahau kazi," alimwambia Kidoti. "Ataua mtu."

Kidoti alimrukia. Twiga akamdaka nywele, akamburuta hadi ukutani na kumgongesha kichwa mara mbili. Kidoti akamng'ata bega, akang'ang'ania hadi alipopigwa ngumi ya mdomo na damu ikamjaa kinywani. Wenzao, badala ya kuwaamua, walishangilia, jambo la aibu kabisa. Kidoti akapapasa chini, akaipata chupa yake ya maji, chupa ya kioo, akaishusha kwa nguvu zake zote. Twiga alikinga kwa mkono. Chupa ikapasuka, na shangwe zote zikakatika.

Damu ilitiririka hadi kwenye kiwiko. Wote wawili walikuwa wameshaonywa mara mbili kwa kupigana, na onyo la tatu lilikuwa kufukuzwa shule. "Sema nimeanguka," Twiga alinong'ona huku akilia. Kidoti akasukumia vioo mtaroni kwa kiatu na kusukutua mdomo bombani. Mwalimu wa zamu alipofika alikuta hadithi imeshaiva: Twiga ameteleza, ameumia kwenye ukingo wa ngazi. Akawavusha barabara hadi zahanati.

Aliyewapokea alikuwa mama. Muuguzi mkuu alisimama nyuma yake na karatasi ya tathmini mkononi. Mama alipouliza, Twiga akarudia hadithi ya ngazi, kisha mama akamgeukia binti yake.

"Wewe uliona?"

"Niliona, mama. Alianguka."

Mama akaosha jeraha na kuchoma dawa ya ganzi, Twiga akapiga ukelele uliosikika mpaka nje. Safari hii mkono wa mama haukutetemeka. Akachukua sindano iliyopinda. Kidoti alihesabu moyoni: ameosha, sasa anashona. Hakuchunguza. Hakuchunguza kwa sababu ngazi ya saruji haivunjiki ndani ya mkono wa mtu, na mwanawe mwenyewe amemwambia ni ngazi. Akisema, atafukuzwa shule na mama ataaibika mbele ya bosi wake. Asiposema, mkono wa Twiga utaoza.

"Mama, usishone," alisema. "Nilimpiga na chupa. Ikapasuka."

Mama aliweka sindano chini, akachukua kibano, akapanua jeraha taratibu. Alichokitoa kilikuwa kipande cha kioo chenye ukubwa wa ukucha, kikalia kwenye bakuli la chuma.

Mama akamgeukia muuguzi mkuu mwenyewe. "Andika kwamba nilitaka kushona bila kuchunguza. Nilimwamini mwanangu, sikuliangalia jeraha."

Muuguzi mkuu aliandika. Akaandika pia kwamba alikiri bila kuulizwa, na kwamba nyuzi saba alizoshona zilikuwa safi. Mwezi ulipokwisha, mama alipewa kazi.

Kwa kuwa hatimaye walisema kweli, shule haikuwafukuza wasichana hao, lakini iliwasimamisha wiki mbili wote wawili. Siku ya kutoa nyuzi, muuguzi mkuu alimwita Kidoti ashike bakuli, akamwuliza ugomvi ulianzia wapi. Kidoti akajibu kwa aibu kwamba Twiga alisema mama amesahau kazi.

"Lakini ni kweli, nilikuwa nimesahau," mama alisema, akikata uzi wa kwanza. "Ndiyo maana tulikuwa tunashona godoro."

Twiga alicheka, kisha akajikunyata maana uzi ulimvuta.

"Msikilize mama yako," muuguzi mkuu alimwambia Kidoti. "Yeye aliambiwa hajui, akajifunza. Wewe uliambiwa mama hajui, ukashika chupa. Halafu ukadanganya, na uongo wako ulikaribia kuumiza zaidi kuliko hiyo chupa. Sisi hapa tunatibu kwa yale mnayotuambia."

Kidoti alimwomba Twiga radhi. Uzi wa saba ukadondoka bakulini, na kovu lililobaki lilikuwa limenyooka.