Kitasa cha Stoo

Kitasa cha stoo kilikuwa kinakwaruzwa kwa ndani, na stoo haikuwa na mtu.

Mwalimu aliusikia mkwaruzo huo tangu alipoolewa, akisahihisha madaftari sebuleni jua linapozama: kr, kr, kama mtu anayechokonoa tundu la ufunguo kwa waya, anateleza, anaanza upya.

"Panya," alisema mumewe.

"Panya gani anajua tundu la ufunguo lilipo?"

"Panya wa nyumba ya fundi vitasa."

Wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliongeza sauti ya redio.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alirithi kibanda cha vitasa na funguo kutoka kwa marehemu baba yake. Hakuna mlango uliowahi kumshinda. Mwalimu akisahau funguo ndani, Fundi alimchomoa kibanio cha nywele kichwani, akakipinda kwa meno, na mlango ukafunguka kabla hajamaliza kumtania. Ila miaka ya karibuni mikono yake haikutulia asubuhi mpaka apate kitu alichokificha nyuma ya makopo ya grisi. "Mkono unatafuta mtandao tu," alisema. Akinywa, unaupata.

Nyumbani humo neno pombe halikutamkwa. Fundi alikuwa na presha, na uchovu, au alikuwa amekula kitu kibaya. Siku alipoanguka kibandani mbele ya wateja ndipo Mama mkwe alipotoa jina alilokuwa ameliweka akiba: jini la kiu. Jini lina heshima zake. Ukisema mume wangu ana jini, unavutiwa kiti na kupewa pole. Ukisema mume wangu ni mlevi, unaulizwa unampikia nini.

"Lilimwingia baba yake, sasa limemrudia yeye," Mama mkwe alinong'ona, kana kwamba lenyewe limekaa kochi la pili linasikiliza. "Halitoki kwa maneno hilo. Linafungiwa ndani na kunyimwa kinywaji. Likikauka, linaondoka."

"Kwa baba liliondoka?"

Mama mkwe alitazama viganja vyake. "Liliondoka."

Fundi mwenyewe alikubali, na baadaye hilo ndilo lililomuuma Mwalimu kuliko yote. Aliingia stoo kwa miguu yake, na godoro na ndoo ya maji. "Usinifungulie hata nikutukane," alimwambia mkewe. Kisha, Mama asisikie: "Kitasa hiki kazi ya mzee. Nikizidiwa, nitakifungua mwenyewe." Mwalimu akachomoa kibanio chake na kukitia kwenye mfuko wa shati la mumewe. Wakatabasamu kama watoto waliomwibia mkubwa sukari. Mama akageuza ufunguo.

Siku ya kwanza alitukana. Ya pili alitapika, akawaomba radhi watu wasiokuwepo, akapiga kelele kwamba wadudu wanatoka ukutani. Chini ya mlango ilipenya harufu ya jasho chungu.

"Mama, anaungua homa."

"Linaungua jini, mwanangu. Vumilia."

Jua lilipoinama, mkwaruzo ukaanza. Mwalimu alishusha pumzi: hatimaye, kibanio. Akakaa sakafuni, sikio kwenye mbao, akingoja ule mlio mdogo wa kitasa kinachokubali, lakini waya uliteleza, ukaanza upya, ukateleza, ukaanza upya, na kadiri giza lilivyoingia ndivyo ulivyokwenda mbio, ukigonga chuma kama meno ya mtu mwenye baridi, na ile harufu ya jasho ikachanganyika na harufu nyingine, ya nguo za marehemu zilizokaa sandukuni, na Mwalimu akaanza kumwita mumewe, polepole kwanza, kisha kwa kelele, wala mkwaruzo haukumjibu, ulizidi tu, mpaka kitasa chote kikawa kinatikisika kama kifua cha mtoto aliyelia hadi sauti ikamwisha.

"Mama, nipe ufunguo."

"Ukifungua sasa litabaki ndani ya—"

"Nipe ufunguo!"

Fundi hakuwa mlangoni. Alikuwa ukuta wa pili, chali juu ya godoro, mwili umekakamaa na kurukaruka, povu lenye damu mdomoni. Kibanio kilikuwa bado mfukoni mwa shati, hakijapindwa.

Na nyuma ya Mwalimu, kwenye mlango ulio wazi, kitasa kiliendelea kukwaruzwa.

Hospitali, daktari wa zamu hakuuliza habari za majini. Aliuliza Fundi anakunywa kiasi gani na ameacha lini.

"Ana presha," alisema Mama mkwe.

"Anakunywa, daktari," alisema Mwalimu. "Kuanzia anapoamka. Juzi tukamfungia ndani ili aache."

Daktari alimaliza kufunga dripu kwanza. "Mwili uliozoea pombe miaka yote hiyo, ukinyimwa ghafla, unaweza kupigwa degedege. Mtu anaona vitu ambavyo havipo. Wengine hufa. Tutamwachisha hapa, kwa dawa, tukimwangalia. Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe: ushauri nasaha, kikundi cha wenzake, muda mrefu. Na akiteleza msimfiche. Mleteni."

"Wengine hufa," Mama mkwe alirudia. "Hata mwenye nguvu?"

"Hata mwenye nguvu."

"Hata kama alikuwa anagonga?"

Daktari alimtazama. "Nani alikuwa anagonga, mama?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kitambaa cha kichwani na kusemea humo humo. "Baba yake aligonga sana. Halafu akaacha kugonga, akawa anachokonoa kitasa. Nikasema, amekitengeneza mwenyewe, akitaka kweli atafungua. Asubuhi kukawa kimya." Kitambaa kilipanda na kushuka. "Nikashukuru Mungu."

Fundi alirudi nyumbani amekonda. Aliwahi kuteleza tena, wakamrudisha kliniki bila kumdanganya jirani yeyote, akaanza upya. Kikundi chake hakukikosa. Mikono ilipotulia, Mama alimwomba kazi moja: ang'oe kitasa cha stoo.

Alikifungua juu ya meza ya kulia. Katikati ya vyuma kulikuwa na ncha ya waya iliyokatika, imeshika kutu. Aliitazama kwa muda mrefu, kama fundi, kisha kama mtoto.

"Alibakiza kidogo tu," alisema.

Akakifunga tena, maana hakujua afanye nini kingine, na Mama akakichukua chumbani kwake pamoja na ufunguo.

Siku hizi mlango wa stoo hauna kitasa, na jioni redio haiwashwi. Siku moja Mwalimu alipopita koridoni jua likizama, alimwona mkwewe ameketi kitandani, kitasa mapajani, anageuza ufunguo, anafungua, anafungua tena.

"Tayari, mume wangu," alikuwa akisema. "Nimefungua. Toka."

Na chini ya kiganja chake, kr, waya ukateleza, ukaanza upya.