Mapigo Manne ya Kimya

Jumanne saa nane mchana, jua la Oktoba limekaa juu ya mabati ya Mahalapye kama mgeni asiyetaka kuaga, Boipelo alisikia kitu kikipumua mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kitu.

Wimbo ulikuwa wa kaka yake, Modiri. Ilipofika dakika ya tatu, baada ya ngoma kupigwa kwa miguu miwili mpaka kifua kikatetemeka, magitaa yote yalikatika kwa pamoja. Kikafuata kimya cha mapigo manne, kisha muziki ukarudi. Modiri alikiweka kimya kile makusudi. "Usichague hedifoni kwa kelele," alikuwa akimwambia. "Kelele hata redio ya bibi inaziweza. Sikiliza inanyamazaje. Hedifoni mbovu haijui kunyamaza, inaburuta mkia."

Sasa, ndani ya mapigo yale manne, kitu kilivuta pumzi. Pumzi nzito, yenye maji puani. Boipelo alivua hedifoni akachungulia dirishani, akidhani ng'ombe wa jirani ameingia uani. Uani kulikuwa na kamba ya nguo na kuku mmoja. Akazivaa tena, akarudisha wimbo nyuma. Moja, mbili, tatu, nne. Kimya safi. Akasema ni joto.

Modiri alikuwa amekufa wiki tisa nyuma. Alikuwa akirudi kutoka kupiga onyesho Francistown, bado amevaa koti lake la ngozi lenye misumari, na karibu na Palapye gari lake likagonga ng'ombe. Ndivyo polisi walivyoandika. Ng'ombe mwenyewe hakuonekana. Walikuta manyoya meusi kwenye boneti, na damu nyingi kuliko ya mtu mmoja, basi. Marok, kama wanavyojiita mashabiki wa hevi meto, walikuja mazishini kutoka kila upande wa nchi, na ngozi zao, minyororo yao na kofia zao pana, wakalibeba jeneza mabegani huku watu wa kanisa wakinung'unika. Boipelo alisimama kaburini na buti zake akisubiri kulia. Hakulia. Hakulia siku ile wala baadaye. Alikula, alilala, alikwenda kazini kwake posta, alirudi. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, ni wako, lakini ukiufinya hausikii.

Wenzake Modiri wa kundi walimwachia kazi moja. Wimbo huo ulikuwa wa mwisho kurekodiwa, na kati yao wote hakuna aliyekuwa na sikio kama la Boipelo. Asikilize, aseme kama gitaa la marehemu linasikika inavyotakiwa, ndipo wautoe. Kwa kazi hiyo alihitaji hedifoni za maana, na Jumamosi iliyotangulia alikuwa amekwenda dukani.

"Za akina dada ziko huku," kijana wa duka alimwambia, akamshushia za rangi ya waridi zenye masikio ya paka. "Nyepesi. Haziharibu nywele."

"Nimekuuliza za hevi meto."

"Za bwana'ko?"

"Za masikio yangu. Haya mawili."

Kijana akacheka. "Dada, na wewe unausikiliza ule muziki wa kubweka?"

"Nishushie zile za juu. Na hizo paka zirudishe, zitapata njaa."

Alijaribu nne. Za kwanza zilikuwa na besi iliyomeza kila kitu, ngoma zikageuka uji. Za pili zilikuwa wazi nyuma. Gitaa lilisikika safi, lakini barabara nzima iliingia nalo. Za tatu zilimbana utosi kama anadaiwa siri. Za nne zilikaribia. Lakini kimya kilipofika, besi iliendelea kunguruma kidogo, kama gari linalopita mbali.

"Sasa dada, unataka nini?" kijana aliuliza. "Dakika ishirini unasikiliza kimya."

"Ndicho ninachonunua."

Aliondoka mikono mitupu, kwa sababu alijua hedifoni anazozitaka ziko wapi. Zilikuwa za Modiri, zile alizovaa siku ya ajali na polisi wakazirudisha nyumbani, ndani ya chumba cha Modiri, nyuma ya mlango uliofungwa tangu siku ya mazishi. Mlango ule ulikuwa wa kufunguliwa na mtu mmoja tu: Mjomba Galeboe, kaka wa mama yao, ambaye angekuja siku aliyoipanga yeye, avitoe vitu vya marehemu kwa mkono wake na kumpa kila mtu chake. Modiri alishasema mbele ya watu, "Nikifa, hizi za Boi." Boipelo alilikumbusha neno hilo mazishini. Mjomba hakumwangalia hata usoni. "Vitu vya mwanamume haviendi kwa mwanamke," alisema. "Vitapita mkononi mwangu kwanza, halafu nitaona."

Ataona. Mtu aliyeuita muziki ule kelele za mashetani, aliyemtembelea mpwa wake mara mbili kwa mwaka na mara zote akaondoka na mbuzi, ndiye sasa mwenye haki ya masikio yake. Na dada mtu, aliyekaa naye miaka kumi wakigombania waya mmoja, kaka sikio la kushoto na dada sikio la kulia, asubiri. Jumapili mama alipokwenda kanisani, Boipelo alichukua ufunguo kwenye kopo la majani ya chai, akafungua, akachukua, akafunga. Sponji zilikuwa bado zimebonyea kwa umbo la kichwa cha Modiri. Zilimkaa kama alizaliwa nazo.

Jumatano pumzi ilirudi, na safari hii haikuondoka aliporudisha wimbo. Ilikuwa upande wa kushoto. Pamoja nayo ilikuja harufu ya ngozi mbichi iliyoloa, na petroli. Boipelo alijua anapaswa kuogopa, kama mtu anavyojua mji mkuu wa nchi asiyowahi kufika. Alichokisikia zaidi kilikuwa kingine: kifua kiliuma. Kidogo, upande mmoja, lakini kiliuma, baada ya wiki tisa za kutouma popote. Akivua hedifoni, maumivu yanazimika. Akizivaa, yanawaka. Akazivaa tena.

Alhamisi birika lilichemka mpaka likakauka na kuungua, naye amesimama hatua mbili kutoka kwake. Posta, watu walimgongea kioo kwa sarafu. Jioni mama alisimama mlangoni akichezesha midomo. Boipelo alimwangalia vile midomo inavyofunguka na kufungwa, isitoke sauti, na akafikiri mama anamtania. Mama akachukua karatasi ya ratiba ya mazishi, yenye picha ya Modiri, akaandika nyuma yake: *Nakuita tangu asubuhi. Unaniogopesha.*

"Nasikia," Boipelo alisema. Sauti yake mwenyewe hakuisikia.

Ijumaa hakwenda kazini. Saa tisa mchana, mapazia wazi, chumba kimejaa mwanga mpaka pembeni, alikaa kitandani akausikiliza wimbo kwa mara ambayo hakuihesabu tena, na magitaa yalipokatika alianza kuhesabu kama kawaida, moja, mbili, tatu, nne, na muziki haukurudi, akahesabu tena mpaka nne na haukurudi, akainamia simu aone kama imezimika, akauona waya wa hedifoni ukining'inia pembeni ya goti lake, ncha yake haijachomekwa popote, na hakujua tangu lini haijachomekwa, tangu leo au tangu Jumanne, na wakati akiutazama waya ule harufu ya ngozi iliyoloa ilijaa chumbani mpaka akaihisi ulimini, na nyuma yake, juu ya saruji, kwato zikagonga taratibu, moja, halafu nyingine, kama mtu mzito anayejifunza kutembea ndani ya nyumba, zikasimama karibu, na joto lenye majimaji likamshukia shingoni, na katika sikio la kushoto Modiri mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kumwamsha asubuhi, akasema, "Boi. Nipishe."

Maumivu ya kifua yalikuwa makubwa sasa, karibu ya kulia. Machozi yalikuwa nyuma kabisa ya macho. Alifungua mdomo amjibu, pita.

Mikono ya mama ilizing'oa hedifoni kichwani kwake pamoja na nywele.

Mganga aliyeitwa alikuwa Mma Kelebonye, mama wa makamo anayeuza vocha karibu na stesheni, mwenye shanga nyekundu na sweta hata katika joto lile. Alikaa chini akarusha mifupa yake ya ramli kwenye mkeka. Sauti zao zilimfikia Boipelo kama za watu wanaoongea nyumba ya tatu.

"Nani kafungua chumba?" Mma Kelebonye aliuliza polepole.

"Mimi."

"Mjomba alikuwa ameshagawa?"

"Alichelewa. Na mimi niliahidiwa."

"Sibishani na ahadi yako, mwanangu. Nakuuliza mlango." Aligeuza mfupa mmoja kwa ukucha. "Polisi walimwona yule ng'ombe?"

Mama akatikisa kichwa. "Manyoya tu," alinong'ona.

"Basi hakuwa ng'ombe. Ni jini la barabarani, linalotembea katika umbo hilo. Mwanao alipokufa lilikuwa naye uso kwa uso, likashika alichokuwa nacho masikioni. Kitu hicho kingetoka kwa mkono wa mjomba, na maneno yake, lisingepata njia. Kimetoka bila mkono."

"Lakini ni sauti ya Modiri," Boipelo alisema.

"Alisema nini?"

"Nipishe."

Wanawake wawili wakatazamana. "Ukamjibu?" mama aliuliza, na Boipelo alilisoma swali hilo midomoni.

"Sikuwahi."

Mma Kelebonye akashusha pumzi. "Modiri hana haja ya kupishwa, alishapita. Hilo linataka kukaa ndani yako, na kwanza linazima sauti za watu wote wengine, ili siku likikuita uitike peke yako. Mwite mjomba. Azipokee kwa mdomo wake, azichome kwa mkono wake, leo kabla jua halijazama. Mwingine akizichoma, ni plastiki tu inaungua."

Mjomba Galeboe alifika saa kumi na moja na gari lake la kubebea ng'ombe, amekasirika tangu getini. Alimsikiliza mganga, akazichukua hedifoni pale mganga alipoziweka juu ya majivu, akazigeuzageuza, akatazama jina la kampuni lililoandikwa pembeni.

"Hizi si za pula elfu nne hizi?"

"Mjomba," mama alisema, "zichome."

"Nitazichoma. Kwangu, kwenye boma, kwa heshima. Si hapa mbele ya majirani." Akainua sauti kama inavyotakiwa. "Vya mpwa wangu, nimevipokea."

Na hapo hapo, bila kishindo, dunia ilirudi masikioni mwa Boipelo: kuku akiparua mchanga, treni ya mizigo, mama yake akipumua kwa kwikwi. Aliisikiliza pumzi ile nyepesi ya mama, kavu, ya mtu. Alitaka kulia kwa shukrani. Hakuna kilichokuja. Kifua kilikuwa kimenyamaza tena, safi kabisa.

Jumatatu alirudi dukani.

"Zile za nne," alisema.

"Si ulizikataa, dada? Ulisema hazijui kunyamaza."

"Ndizo ninazotaka."

Aliusikiliza wimbo mara moja. Kimya kilipofika, besi iliburuta mkia wake kutoka pigo la kwanza mpaka la nne, na hapakubaki nafasi ya kitu kingine kuingia. Aliwaandikia wenzake Modiri kwamba gitaa linatosha, wautoe.

Baada ya wiki mbili mjomba aliona siku yake imefika, chumba kikafunguliwa. Watu walijaa uani. Marok wanne walikuja na ngozi zao katika jua lile, wakapewa viti karibu na masufuria ya nyama ya kutwangwa. Mjomba alivitoa vitu kimoja kimoja: koti kwa fulani, buti kwa fulani, gitaa kwa mtoto wa binamu asiyejua hata kulishika. Boipelo alipewa blanketi. Akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

Alipokwenda kuliweka ndani alimwona Otsile, mtoto wa mjomba, mwanamume mzima wa miaka ishirini na tano ambaye maisha yake yote hakusikiliza zaidi ya mpira na kwaya. Amekaa nyuma ya gari la baba yake, mgongo kwao. Kichwani amevaa hedifoni za Modiri. Waya wake ulining'inia kutoka kwenye gari, ncha ikicheza hewani.

Boipelo alirudi moja kwa moja kwa mjomba.

"Ulisema umezichoma."

"Pula elfu nne hazichomwi," mjomba alisema chini chini, akitabasamu kwa wageni. "Nilizipokea, zikawa zangu, nimempa mwanangu. Ungekuwa mvulana tungezungumza."

"Mwite."

"Nini?"

"Otsile. Mwite, akuitikie."

Mjomba alicheka kidogo, aone watu wanacheka naye. "Otsile, njoo ule." Otsile hakugeuka. Mmoja wa Marok akashusha sahani yake mapajani. "We Otsile," mjomba alisema tena, na sasa tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni tu.

Uani pakawa kimya. Kimya kilikuwa safi, hakikuburuta chochote, na Boipelo, amesimama na blanketi mikononi, alijikuta anahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Halafu Otsile akavuta pumzi, nzito, yenye maji puani, na safari hii kila mtu aliisikia.