Mahali Iko Zizini

"Magu hatusimami!"

Chenge alisema hivyo huku amekanyaga mafuta, Landrova inaruka mashimo. Kokulinda, aliyekaa mbele pembeni yake, akamgeukia.

"Kwa nini? Si ndiko kwenu? Mwenzio nilitaka nimsalimie baba yako mdogo."

"Tutachelewa mbugani, Koku. Wanyama wanaonekana asubuhi."

"Bujora umetuacha makumbusho mpaka ngoma za watemi wa Kisukuma tumezikariri moja moja. Haraka imeanzia Magu?"

Chenge akabadili gia. Jasho lilikuwa linamtoka, na jua lenyewe lilikuwa bado halijawa kali.

Ilikuwa Alhamisi moja katika ile miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, na Mwanza kila mwenye Landrova kajiita kampuni ya utalii. Kokulinda, binti wa Kihaya kutoka Kamachumu, alipokea simu kwenye kampuni mojawapo. Chenge alikuwa dereva hapohapo. Kila siku Koku aliwauzia watu safari ya Serengeti, na yeye hajawahi kuona hata mkia wa punda milia! Asubuhi hiyo bosi akamwambia, "Nafasi ipo, panda ukaone unachokiuza." Chenge alipomwona anapanda, sura ikambadilika. Mapenzi bwana! Koku akadhani ni furaha.

Walikuwa wachumba. Mwezi unaofuata Chenge alikuwa aende Kamachumu kujitambulisha. Baba yake Koku, mwinjilisti wa Kilutheri, alikuwa amemnunia binti yake karibu mwaka mzima, hataki mkwe wa mbali. Koku alilia, akabembeleza, mwisho akaapa: "Baba, Chenge ni mtu mkweli. Nikikosea kwa huyu, usinisikilize tena." Mzee akalegea. Kwa hiyo elewa, binti huyu alikuwa ameweka heshima yake yote juu ya mwanamume mmoja.

Huyo baba mdogo, Mzee Shimba, Koku alimjua kwa sauti tu. Alikuwa akipiga simu ofisini kutoka posta ya Magu, anapayuka utadhani simu haina waya:

"Mwambie Chenge mahali wamekubali!"

Siku nyingine:

"Mwambie mahali imepokelewa yote! Imebaki Jumamosi tu!"

Koku alifikisha kila neno huku anacheka peke yake. Chenge alikuwa amemwambia anatafuta mahali karibu na lango la Ndabaka, ili wakishaoana wajenge vibanda vya kulaza watalii. Kila simu ya mzee, Koku anaongeza chumba kimoja kichwani.

Basi, wakati Magu inaanza kuonekana, mmoja wa watalii wao wawili akagonga kiti cha dereva kwa nyuma. Ni Mama Eugenia, muuguzi mstaafu wa Bukoba, aliyesafiri na mumewe. Mume alikuwa amelala tangu Kisesa.

"Dereva, simama nikajisaidie."

"Mama, vumilia kidogo, Lamadi siyo mbali."

"Mwanangu, kibofu changu hakiijui Lamadi. Simama!"

Chenge akasimama mbele ya hoteli ya kando ya barabara. Mama Eugenia akashuka mbio. Chenge naye akashusha kofia mpaka kwenye nyusi, akasema anaangalia tairi, akaenda kuchutama nyuma ya gari.

Hata dakika haikupita, mzee mmoja akashuka kwenye baiskeli yake.

"Ngosha, mwanamume wee! Gali si ndiyo hii? Bwana halusi yuko wapi?"

Koku akaitambua ile sauti papo hapo. Akaruka chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee! Mimi ndiye Kokulinda, ninayepokea simu zako ofisini."

"Malahaba, malahaba! Kumbe ndiye wewe! Umetusaidia sana, mwanangu. Bila wewe hii mahali isingekamilika."

"Asante, mzee. Na kwa kuwa nimefika, nataka kupaona kwa macho yangu. Pako wapi?"

"Pako wapi nini?"

"Mahali."

"Aaa, mahali! Mahali iko zizini."

Koku akacheka. "Zizini? Tutajenga zizini?"

"Kujenga nini tena? Mahali iko zizini kwa baba yake Sabina. Madume mawili yamebaki yatachinjwa Jumamosi."

Kicheko cha Koku kikakatika. Imekamilika. Imepokelewa. Hivi mahali hupokelewa? Hata mtoto wa shule ya msingi anajua mahali hupatikana, hapapokelewi!

"Mzee," akasema, "unasema mahali... au mahari? Ma-ha-ri?"

"Ndiyo! Mahali! Si ndiyo ninasema siku zote?"

Jamani! Msukuma wa watu, ulimi wake hauna r tu, hakuwa amemficha kitu. Alimwambia kila kitu, tena kwa kupiga kelele, na Koku ndiye aliyekuwa akizipeleka habari za mahari ya mwanamke mwingine kwa mchumba wake mwenyewe.

"Chenge!"

Chenge akainuka nyuma ya gari polepole, mikono ina vumbi.

"Koku, nisikilize kwanza..."

"Jumamosi unaoa?"

"Ni mambo ya wazee. Wao ndio walionichagulia."

"Na kwa baba yangu mwezi ujao ulikuwa unaenda kufanya nini?"

"Ningekwambia tu."

"Lini, Chenge? Nikishakaa kwenye mkeka nimefunikwa kanga?"

Mzee Shimba akabaki anawatazama, mara huyu, mara yule, mdomo wazi. Kabla hajauliza, msichana mwenye misuko mipya akatokea upande wa sokoni, anakimbia, uso mzima unacheka. Akampita Chenge, akaenda moja kwa moja kumkumbatia Koku.

"Dada Kokulinda! Nimesikia gari la Mwanza limefika, nikajua tu ni wewe. Mimi ndiye Sabina. Asante kwa kukubali!"

"Kukubali nini?"

"Si kunisimamia! Chenge kasema wewe ni dada yake wa kazini, Jumamosi wewe ndiye msimamizi wangu. Gauni lako limeshashonwa."

Wallahi, kuachwa kuna namna nyingi, lakini kushonewa gauni la kumsindikiza anayekunyang'anya mume, hiyo ilikuwa mpya.

"Sabina," akasema, na machozi yakaanza, "mimi siyo dada yake. Mimi ni mchumba wake. Mwezi ujao alikuwa anakuja kunichumbia kwa baba yangu."

Sabina akamwachia. Akamgeukia Chenge.

"Anasema kweli?"

Chenge akatazama tairi.

"Nakuuliza, Chenge!"

"Wazee walinilazimisha..."

"Wazee ndio waliokutuma uje kwetu kila Jumapili? Wazee ndio waliokufundisha kuniambia utakufa ukinikosa?"

"Hayo aliniambia na mimi," Koku akasema.

"Nilikuwa nawapenda wote," Chenge akanong'ona.

Mzee Shimba akavua kofia. "Mimi nimeswaga ng'ombe za ukoo kwa ajili yako, kumbe nilikuwa nahangaikia balaa? Toka mbele yangu!"

"Mzee," Sabina akasema, "nenda kamwambie baba siolewi. Ng'ombe wenu warudi."

Mama Eugenia akarudi anafunga kitenge, akakuta wasichana wawili wanalia na dereva kainama. Alipoelezwa, akampima Chenge kutoka juu mpaka chini.

"Mama wee! Na tunaye huyuhuyu mpaka Serengeti?"

"Ndiye dereva pekee, mama," Koku akasema, anajifuta. "Mmetoka Bukoba kuona mbuga, mtaiona."

"Basi na mimi nakuja," Sabina akasema. "Nimezaliwa hapa na simba sijawahi kumwona. Mama, kuna nafasi?"

"Kaa kwangu, mwanangu. Mzee, mwambie baba yake yuko na mtu mzima, jioni tunamshusha hapa."

Koku akahamia nyuma. Landrova ikaondoka, mabibi harusi wawili nyuma na bwana harusi kwenye usukani. Wakapita Lamadi, wakaingia lango la Ndabaka.

Ndani ya mbuga, twiga watatu wakavuka barabara bila haraka. Sabina akashika mkono wa Koku. Ndipo Koku akalia kwa sauti.

"Nitamwambia nini baba? Nilimwapia!"

"Wangu anaambiwa sasa hivi," Sabina akasema, naye analia. "Tena ndugu zangu wote wapo."

Chenge akakohoa. Akamtafuta Koku kwenye kioo.

"Koku... sasa Sabina si ameshakataa mwenyewe? Basi tumebaki sisi wawili. Mwezi ujao niende tu kwa mzee, au siyo?"

Mume wa Mama Eugenia, aliyekuwa amelala tangu Kisesa, akafumbua macho.

"Huyu dereva kasema nini?"

Koku alimtazama Chenge kwenye kile kioo. Mwaka mzima aligombana na baba yake kwa ajili ya mtu huyu, na leo ndiyo mara ya kwanza anamwona. Akafuta machozi kwa kiganja.

"Kwa baba nitakwenda mimi, nikamwambie yeye ndiye aliyeona sawa," akasema. "Wewe endesha."