Niliamini Ramani ya Wakoloni, Ziwa Jipe Likaondoka na Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Kighare, Ugweno, kwenye milima ya Upare, na ninaishi peke yangu Same mjini. Msinionee huruma, wasomaji wenzangu... upweke huu niliutafuta mwenyewe.

Sisi wa mlimani tunaliona Ziwa Jipe kule chini tangu utotoni. Kwa kuliona tu, tunadhani tunalijua! Kupiga kasia nilijifunza ukubwani.

Nilikuwa nafanya kazi na wapima ardhi. Huko nikapata nakala ya ramani ya enzi za ukoloni, na taarifa ya mpimaji aliyetoka ziwani kwa mtumbwi akaingia Mto Ruvu, huu wa kwetu unaotoka ziwani humo. Niliisoma hadi nikaikariri. Nikapanga kuwapitisha watalii njia ile, ila kwanza nikamshawishi mdogo wangu Elineema tuijaribu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, lakini hakuwahi kunikatalia jambo.

Mvuvi mmoja alijitolea kutuongoza. Alisema mafunjo yaliyojaa ziwani yanaelea, upepo ukivuma kisiwa kizima kinahama. Nilimcheka, nikamkatalia! Nikamwonyesha mlango wa mto kwenye karatasi. Kiburi gani kile, jamani?

Mlango haukuwepo. Palikuwa na mafunjo matupu, marefu kutupita, na tulipotaka kurudi, nyuma nako kulikuwa kumejifunga. Siku ya pili Elineema akashikwa na homa kali. Simu hazikuwa na mtandao. Nikaweka alama ya penseli kwenye ramani, pale alipolala ndani ya mtumbwi, nikamwambia nafuata msaada.

"Kaka, usichelewe," alisema.

Nilitambaa juu ya mafunjo hadi nchi kavu. Niliporudi na wavuvi, penye alama palikuwa na maji tu... Upepo ulikuwa umevuma, kisiwa kikaondoka naye! Nilimwita hadi sauti ikakauka.

Walimpata siku ya tatu ya kumtafuta, upande mwingine kabisa. Alikuwa ameshakata roho.

Majuto ni mjukuu. Shemeji hasemi nami tena. Nikipanda Kighare, mama ananipikia, ananitengea chakula, kisha anakwenda kukaa kwa jirani mpaka niondoke. Nakula peke yangu.

Ndugu zangu, karatasi za zamani zinaeleza maji ya zamani. Nawasihi, waulizeni wanaoishi pale, na wakisema watawaongoza, kubalini! Elineema hakujua kusoma ramani. Aliniamini mimi, kaka yake.