Ubao wa Futi Kumi na Sita

Sanduku la tromboni lilitangulia, mwenyewe akafuata, na vikapu kumi na viwili vikaporomoka kwenye sakafu ya soko la Charleston.

Ilikuwa siku ya pili ya tamasha. Mji ulikuwa umejaa kama chungu cha bamia Jumapili. Wageni wenye suti za kitani na kofia za majani walibanana kati ya meza, kila mmoja na tiketi yake mkononi, na joto la mwisho wa Mei lilikuwa limewanyoosha wote, tajiri kwa maskini. Aliyeangusha vikapu alikuwa bonge la mtu, mweusi wa kung'aa, shati jeupe limemganda mgongoni. Alipiga magoti papo hapo, akaanza kuvikusanya na kuvipanga, vidogo chini na vikubwa juu.

Mwenye vikapu alimtazama akipanga. Aliitwa Arnetta Manigault. Alikuwa amevaa gauni la manjano lisilo na mikono, na mkononi ameshika mpini wa kijiko uliochongwa, ule ambao wanawake wa kwao wameshonea vikapu vya nyasi tangu enzi za bibi wa bibi zao.

"Kaka," akasema mwishowe, "kwenu nyumba huanzia paani?"

Lamont Habersham akatazama alichojenga. Kiliyumba, kikaanguka tena. Kwenye meza ya jirani Bi Rosalie, ambaye alikuwa ameshona vikapu sokoni hapo kwa miaka arobaini, alicheka mpaka akaishika meza.

Lamont alijieleza huku jasho likimtiririka. Ni mpiga tromboni kutoka Savannah. Bendi yao inapiga mara mbili kila siku, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni, na katikati ana saa tatu za kuzubaa. Akatoa karatasi ya tamasha mfukoni: Mambo ya Kufanya Kati ya Onyesho na Onyesho. Panda gari la farasi. Piga picha nyumba za rangi. Nunua kumbukumbu.

Arnetta aliisoma yote, kisha akaikunja mara nne, akaitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

"Aliyeandika hii alikuwa ameshiba," akasema. "Wewe umekula?"

Hakuwa amekula.

"Bi Rosalie, niangalizie meza. Nampeleka mtoto wa watu akapate supu kabla hajatuangukia kama vikapu."

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku saa nane mchana Lamont alitoka ukumbini na sanduku lake, na Arnetta akafunika meza yake kwa kanga ya maua. Walikula supu ya bamia na wali mwekundu kwa mama mmoja aliyepika nyuma ya kinyozi. Walitafuna biskuti za ufuta wakitembea. Walikaa kwenye ukuta wa bahari wakiwacheka wageni waliobabuka mabega. Siku ya tatu Lamont alimletea waridi la ukindu alilolinunua njiani, la kusokotwa, kama yale wanayouziwa watalii kila kona. Arnetta aliligeuza huku na huku.

"Umeninunulia mimi, mshonaji, kazi ya kushona?"

"Nimekosea?"

"Ni kama kumpelekea samaki ndoo ya maji." Lakini alilichomeka nywelini, na halikutoka mpaka jioni. Kesho yake akamfundisha kufunga kifundo, kile kitovu ambacho kikapu chote huzungukia. Vidole vya Lamont, ambavyo kwenye tromboni vilikuwa vyepesi kama moshi, kwenye nyasi vilikuwa magogo. Vifundo tisa vilifumuka. Cha kumi kilishika. Kilikuwa kidogo kama kifungo cha koti na kimepinda upande, akakitia mfukoni kama mwizi.

Siku moja Arnetta alimpitisha kwenye uchochoro, akamsimamisha mbele ya ukuta wa matofali. Akamshika mkono, akakiweka kidole chake ndani ya kishimo kwenye tofali. Kilikuwa alama ya kidole cha mtu aliyelifyatua likiwa bichi, mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine.

"Wanakuja kutazama nyumba," Arnetta akasema. "Mikono hawaioni."

Lamont aliacha kidole chake pale mpaka kengele ya kanisa ikamwita kazini. Mji ule umesimama juu ya mikono ile, na anayebisha akaliguse tofali.

Wiki ya pili alipelekwa kwa Shangazi Vernell, aliyemlea Arnetta tangu mama yake alipofariki. Nyumba ilikuwa mtaa wa Eastside, ya mbao, dari la baraza limepakwa buluu ya kufukuzia mizimu. Na barazani, kutoka mwisho hadi mwisho, ulikuwapo ubao.

Savannah nao wana mbao hizo, kwa hiyo Lamont aliujua. Ni ubao mmoja mrefu wa msonobari, umelazwa juu ya miguu miwili inayobembea. Ukikaa unabonyea, ukijirusha unakurusha. Kijana hukaa ncha hii na binti ncha ile, wakarukaruka wakicheka, na kila mruko unawasogeza kidogo kuelekea katikati. Huu ulikuwa wa futi kumi na sita.

"Sheria ni moja," Shangazi Vernell akasema, akijipepea na kipepeo cha kanisani. "Hakuna kutembea. Unafika kwa kurushwa na ubao au hufiki."

Lamont alikaa ncha ya kushoto. Ubao ulipiga kelele ya kuonewa, na Arnetta, aliyekuwa mwepesi, akarushwa juu kule kwake kama kitumbua. Alicheka mpaka machozi. Lamont aliingiwa na hofu ya kumwumiza, na tangu hapo alirukaruka kwa adabu, kama mtu anayejaribu barafu. Siku nne alikaa ubaoni, siku nne alisogea futi mbili. Shangazi alichungulia dirishani, akasonya, akarudi jikoni.

Bi Rosalie ndiye aliyemfafanulia Lamont mambo ya ubao ule. Alimwambia kwamba kwa kina Manigault, siku binti akipata neno la kweli la uchumba, ubao hutoka barazani. Mtaa mzima hujua, na kijana mwingine haji tena kupiga hodi. "Kwa hiyo baba," akasema, "ukiuona bado upo, ushukuru."

Arnetta naye alimwambia la kwake, wakiwa kwenye ukuta wa bahari, bila kumtazama.

"Miaka mitatu nyuma kulikuwa na mpiga fidla. Siku kumi na saba za tamasha aliniita mke wangu. Ya kumi na nane simu yake ikawa haipatikani."

"Mimi si yeye."

"Sijasema wewe ni yeye. Nasema basi lenu linaondoka Jumapili baada ya onyesho la mwisho. Kama una neno, nilisikie kabla ya hapo, kwa mdomo wako. Sitaki neno la simu kutoka njiani, na sitangoja mtu tena."

Usiku wa Ijumaa simu ya Arnetta ililia kidogo. Alisoma ujumbe akiwa amejifunika shuka.

*Ubao mrefu ule, wewe huko mimi huku,*
*Nasogea polepole, moyoni nina shauku,*
*Nitafika papo pale, usianze kunishuku.*

Aliusoma mara saba. Kisha akajibu: "Hata konokono humwambia mwenzake saa atakayofika. Lala, sukari yangu."

Jumamosi saa nane na nusu, Lamont alikuja Eastside amenyolewa, amevaa tai ya buluu, maneno yake ameyapanga kichwani kama noti za muziki. Alifungua geti, akainua macho.

Baraza ilikuwa tupu.

Miguu miwili ya kubembea ilisimama peke yake chini ya dari la buluu, na kati yake hakuna kitu. Akajiuliza kama macho yake yanamdanganya. Ndani alisikia sauti ya mwanamume ikicheka na ya Shangazi ikisema asante, asante, umetuokoa. Lamont alifunga geti taratibu. Alipofika kona alimwandikia Arnetta neno moja, "Hongera," akaizima simu.

Arnetta alikuwa bado sokoni. Alilisoma neno lile, akalirudia, akapiga simu. Haikupatikana. Akapiga mara nyingine tano. Alipofika nyumbani aliona baraza tupu, akadhani Shangazi ameupeleka ubao kupakwa rangi kama kila mwaka, wala hakuuliza, kwa kuwa kichwani mwake lilikuwapo jambo moja tu: siku ya kumi na nane imekuja mapema.

Jumapili aliamka na uso wa mtu aliyefiwa, ila kiburi kimembakia. Shangazi alimkuta akishona, akivuta ukindu kwa nguvu ya kuua.

"Yule bonge yuko wapi leo?" Shangazi akauliza.

"Amenipongeza kisha amezima simu."

"Kukupongeza kwa lipi?"

Arnetta akamwonyesha. Shangazi Vernell alisoma, akatazama nje kwenye miguu ile miwili, akaikalia sofa kwa kishindo.

"Ee Bwana," akasema. "Ni mimi."

Akakiri yote. Alikuwa amechoka. Siku nne, futi mbili! Kwa mwendo ule, alisema, angezikwa kabla ya kijana kufika katikati. Basi Jumamosi alimwita seremala wa Kisiwa cha Johns, akambebesha ubao aupunguze futi sita. Wakati Lamont yuko getini, seremala alikuwa jikoni akinywa chai ya barafu, ubao tayari uko garini.

Arnetta alicheka na kulia kwa pumzi moja. Kisha akatazama saa. Saba na robo. Onyesho la mchana lilikuwa likiisha saa nane.

"Mpigie seremala," akasema. "Asiulete huku."

Lamont alitoka mlango wa nyuma wa ukumbi saa nane na dakika tano, sanduku mkononi. Mizigo yake ilikuwa imeshapakiwa kwenye basi. Alitaka kukaa peke yake kwenye nyasi za uwanja uliokuwa mbele, ambako watu wa tamasha hutandika mikeka na kula karanga za kuchemsha kati ya onyesho na onyesho. Lakini katikati ya uwanja watu walikuwa wamezunguka kitu. Akachungulia juu ya vichwa vyao, maana urefu alipewa.

Ubao ulikuwa pale juu ya miguu yake miwili, mfupi, ncha moja nyeupe kwa mkato mpya na yenye harufu ya utomvu. Kwenye ncha ya pili alikaa Arnetta, gauni la manjano, waridi la ukindu nywelini, mikono mapajani kama anayesubiri mahubiri. Shangazi Vernell alisimama nyuma yake akijipepea, Bi Rosalie kando na mfuko wa karanga.

"Nitafika papo pale, usianze kunishuku," Arnetta akasema kwa sauti ya kusikika. "Nani aliyeandika haya, na nani aliyeshuku?"

Umati ukageuka kumtazama Lamont. Uso wake ulipita rangi zote.

"Ubao haukuwapo," akasema.

"Ulikuwa unakatwa. Kwa ajili yako, kobe wewe. Kaa."

Alikaa. Ubao ukapiga kelele yake, Arnetta akarushwa juu, watu wakashangilia. Safari hii Lamont hakuruka kwa adabu. Aliruka kama mtu anayelitaka lililo upande wa pili, na kila mruko umati ukahesabu kwa sauti, wazungu wa suti za kitani pamoja na wauza karanga, moja, mbili, tatu. Kwenye mruko wa tisa magoti yao yakagusana.

Lamont alitia mkono mfukoni, akatoa kile kifundo cha nyasi, kidogo kama kifungo, kimepinda upande.

"Bendi ina wiki sita za safari," akasema kwa sauti ya chini. "Zikiisha nahamia hapa. Tromboni inapigwa popote. Nataka unioe, nikuoe, vyovyote inavyosemwa. Nilikuwa na maneno mazuri jana, leo yamekimbia."

Arnetta alikipokea kile kifundo, akakiangalia kwa jicho la kazi.

"Kimepinda."

"Najua."

"Nitakizungushia mzunguko mmoja kila siku hadi urudi. Ukichelewa, kitakuwa kikubwa cha kukuzikia." Akamshika shavu. "Ndiyo, sukari yangu. Ndiyo."

Saa kumi na moja Arnetta alikaa ndani ya ukumbi ule kwa mara ya kwanza maishani, yeye ambaye kila mwaka alishona vikapu mita mia tano kutoka mlangoni. Tromboni ilikosea noti mbili, na hakuna aliyejali.

Seremala aliurudisha ubao Eastside jua likiwa bado juu. Akauliza auweke wapi. Shangazi Vernell akamwonyesha sebuleni, nyuma ya sofa.

Na baraza ikabaki tupu, na safari hii mtaa mzima ulielewa sawasawa.