Namba Iliyobaki Bila Mwenyewe

Saa nne asubuhi trei za mayai zilikuwa zimelalia upande wa mlango. Saa tano, upande wa mlango. Saa sita Mama Trei, msimamizi wa kituo hiki cha kutotolea vifaranga, akapita tena kati ya makabati, kalamu sikioni, akasimama, akarudi hatua mbili nyuma. Bado upande wa mlango.

Si jambo la kumshtua asiyejua kazi, na wasiojua kazi ni wengi, wengine wamepewa hadi ofisi. Yai lililo kwenye kabati la kutotolea hugeuzwa kila saa, kushoto, kulia, kushoto, kama kuku anavyoligeuza kwa mdomo. Likiachwa, kifaranga hugandia ganda na kufa. Humo ukumbini mlikuwa na mayai elfu arobaini, siku ya tano, na mwenye kituo alishampigia Mama Trei simu bila hata salamu: "Uzao uliopita ulinitia aibu. Huu nao ukiharibika, kabidhi funguo za nyumba." Nyumba yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya ghala, na katika kimoja alilala mama yake mzazi ambaye miguu ilishagoma.

Mama Trei akavuta wenzo, ule mtaimbo wa kugeuzia trei kwa mkono, kabati moja moja, yote ishirini. Kisha akaenda kwa injinia.

Injinia huyo walimbandika jina la Cheti, maana huwezi kumuuliza saa ngapi asikutajie alikosoma. Vyeti vinne vilikuwa ukutani ndani ya vioo, na cha tano alikuwa anakitafutia msumari. Kazi ya seva aliikuta imeshafanywa na marehemu Kimya, fundi aliyekuwa akisema maneno sita kwa wiki. Kimya ndiye aliyeiandikia seva orodha ya kazi za saa: wakati ukifika, seva inatuma amri yenyewe na trei zinageuka. Miaka kumi na moja haikukosa hata mara moja. Kimya akafa, akazikwa Jumamosi. Jumatatu, asubuhi hiyo hiyo ya trei kugoma, Cheti akaifuta akaunti yake kwenye seva.

"Maiti hahitaji paswedi," alisema, akacheka peke yake.

Sasa Mama Trei alikuwa amesimama mlangoni. "Injinia, trei hazigeuki."

"Haiwezekani, mama. Mimi hivi vitu nimevisomea." Akaandika amri kwa kidole kimoja. Kule ukumbini trei zikageuka. "Umeona? Kapime macho."

Saa saba hazikugeuka. Akaandika tena, zikageuka. Saa nane hazikugeuka.

"Ukiziamrisha wewe zinatii, zikiachiwa saa zinagoma," Mama Trei akasema. "Kwa nini?"

"Zinanijua mimi ni nani."

Akakagua. Saa ya seva ilikuwa sahihi. Orodha ya kazi ilikuwepo, mstari kwa mstari. Programu inayotuma kazi ilikuwa hai. Basi akaizima seva na kuiwasha, akaizima tena na kuiwasha, vyeti vinne ukutani na dawa yake ni ile ile anayotumia kinyozi kwa redio mbovu. Jioni akaenda zake nyumbani. Mama Trei akabaki kuvuta wenzo, siku hiyo, kesho yake na keshokutwa, akisinzia kwenye ndoo iliyopinduliwa, mabega yamemvimba kama mkate.

Siku ya nane, mchana kweupe, wafanyakazi wakiwa nje wanakula, trei ziligeuka zenyewe.

Haikuwa saa kamili. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na tatu. Ziligeuka kushoto, zikageuka kulia, polepole, kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Kisha ikaja harufu, ya nywele mbichi zilizoungua juu ya chuma. Mama Trei akatoka mbio na kiatu kimoja.

Cheti akafungua kumbukumbu za seva, mahali ambapo kila kazi huandikwa pamoja na jina la aliyeifanya. Palipotakiwa jina palikuwa na namba tupu: 1013.

"Huyu nani?" Mama Trei akanong'ona.

"Kila mtumiaji wa seva ana namba. Hii ilikuwa ya Kimya. Jina nililifuta, namba imebaki kwenye mafaili yake. Ni kawaida."

"Na aliyegeuza trei ni nani?"

Cheti akarekebisha tai. "Ni kawaida," akarudia.

Siku ya tisa ni siku ya kumulika mayai kwa tochi. Mama Trei akazima taa za ukumbi, akachukua yai la kwanza, akalisimamisha juu ya mwanga, na badala ya mishipa myembamba myekundu inayotandaa kama mizizi akaona kitu kilichojikunja kikajikunjua, kikageuza uso kuufuata mwanga, kikatulia kikimtazama. Akalirudisha. Akachukua la pili, likafanya vilevile, na la tatu, na hapo ndipo alipoyasikia, kwanza moja kwenye kabati la mwisho, kisha safu nzima, kisha makabati yote ishirini, mayai elfu arobaini yakigonga kwa ndani kwa pigo moja, ngo, ngo, ngo, ilhali kifaranga wa siku tisa hana hata mdomo mgumu wa kugongea, na ile harufu ikawa inamteremkia kutoka darini na kumwingia puani, kooni, hadi akahisi ulimi wake mwenyewe umeota nywele.

Alitambaa hadi mlangoni. Alipopata pumzi akampigia simu Bibi Swichi.

Huyu alikuwa mstaafu wa mitambo ya simu, ndiye aliyemfundisha Kimya kazi. Alikuja na kandambili na miwani iliyofungwa uzi. Cheti akamtazama kuanzia kandambili kwenda juu na hakufika mbali.

"Bibi, wewe umesomea wapi?"

"Kaa pembeni, mwanangu, unanizibia mwanga."

Akasoma kumbukumbu kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha akavua miwani.

"Kazi hizi ziliandikwa kwa jina la Kimya. Saa ikifika, seva inamwita Kimya aje afanye. Kimya hayupo, kazi inalala. Hilo ni kosa la kitoto. Lakini ameitwa kila saa, siku nne, kwenye nyumba isiyo na mtu. Kuna kilichosikia, kikaitika."

Na jini lenyewe msilikuze. Majini ya maana yana mapango na majumba yao. Hili lilikuwa jini la hovyo lisilo na pa kulala, limeona chumba cha bure likaingia na uchafu wake.

"Linatokaje?" Mama Trei akauliza.

"Tunaipa seva mtumishi mpya, namba mpya. Tunamhamishia mafaili moja moja, na kila moja nalisomea dua. 1013 tunaiacha tupu, isipewe mtu mwingine milele. Itachukua saa tatu hivi. Wewe vuta wenzo."

"Saa tatu!" Cheti akapiga paja. "Kwa kazi ya dakika moja! Ninachukua akaunti yangu, naipa namba 1013. Mafaili yote yanakuwa yangu, mwenyewe yupo, kwisha."

"Mwanangu, anayeichukua namba anachukua na vilivyomo."

"Bibi, nenda kafunge simu za waya."

Akabonyeza. Taa ya seva ikapepesa mara moja. Kule ukumbini kugonga kukakatika ghafla, harufu ikaisha, na saa tisa kamili trei zikageuka, safi, kama enzi za Kimya. Cheti akageuka na kifua mbele. Bibi Swichi alikuwa ameshavaa miwani, anaondoka bila kuaga.

Mayai yalitotolewa kwa wakati wake. Mama Trei alikuwa amemulika kila trei: mishipa tu, na mwishowe vifaranga vya kawaida vya kelele. Funguo zikabaki mfukoni mwake, mama yake akabaki kitandani kwake.

Siku mbili baada ya vifaranga kutoka, mke wa Cheti akampigia Mama Trei simu, kwa sauti ya chini. "Dada, huyu mwenzangu kila saa ikitimu analalia ubavu. Hata akiwa amesimama, hata kwenye kikao. Kushoto, saa inayofuata kulia. Na mwili una joto halipandi halishuki."

Mama Trei akamshauri amwite Bibi Swichi. Cheti akakataa, hawezi kutibiwa na mtu asiye na cheti.

Mke akapiga tena, safari hii anacheka kwa furaha. "Dada, amepona! Tangu asubuhi hajageuka hata mara moja. Amelala tu, ametulia."

Mama Trei akahesabu kwa vidole kuanzia ile siku ya namba. Kumi na nane. Kila mfanyakazi wa ukumbini anajua kwamba siku ya kumi na nane yai haligeuzwi tena. Kilichomo ndani kimekamilika, kinajiweka sawa kutoka.

"Dada," akasema, "chukua watoto. Toka humo ndani sasa hivi, na mlango ufunge kwa nje."