Mbavu za Shangazi

Wenzangu, sikilizeni hili la nyumbani kwangu. Nalisema mwenyewe, maana aibu ukiificha huzaa watoto.

Asubuhi kwetu ilikuwa na amani yake. Paka juu ya magunia, mbwa tisa kila mmoja na bakuli lake, na bandani farasi wanne tuliowaokoa kwenye mikokoteni ya mawe. Mmoja, jike la kijivu, tulimwita Shangazi, kwa kuwa hakuna aliyeingia bandani asimkague kuanzia viatu mpaka kofia.

Mizani ya kupimia farasi sina. Nina kamba. Kila Jumatatu naizungusha kifuani mwa farasi, nyuma ya miguu ya mbele, nafunga fundo pale inapokutana. Akinenepa, fundo linasogea mbele. Hivyo ndivyo ninavyojua nani anapona.

Mafundo ya Shangazi yakaanza kurudi nyuma. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikamtazama meno, nikampa dawa ya minyoo, wapi.

Siku moja nikawahi bandani. Nikamkuta mwanangu, tunayemwita Meneja kwa jinsi anavyopenda kupokea wageni wanaotuletea msaada wa wanyama, anachota pumba kwenye ndoo ya Shangazi na kuzirudisha guniani.

"Unafanya nini, baba?"

"Mama, nisikilize kwanza. Wageni wakiona mbavu, wanaleta. Alipokuwa mnene walipiga picha wakaenda zao."

"Kwa hiyo unamnyima."

"Nampunguzia tu. Mbwa na paka wote hao wanakula kwa mbavu zake. Huruma yako wewe inamlisha nani?"

"Na yule aliyekuwa akimchapa kwenye mkokoteni, naye alikuwa anampunguzia?"

Akafunga gunia. Shangazi aliingiza pua kwenye ndoo, akalamba chini, pakavu.

Wenzangu, mwizi wa nje nilishamwekea mbwa tisa. Wa ndani nilimzaa mwenyewe.

Jumamosi wageni wakaja. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye kila mwezi hutuletea gunia la pumba, akapitisha mkono kwenye mbavu za Shangazi, machozi yakamlengalenga. Meneja akaninong'oneza, "Mama, nakuomba. Ukisema, tumekwisha."

"Tukiisha, tuishe ndoo zikiwa zimejaa," nikamwambia, wala sikunong'ona. Nikawageukia wageni. "Mbavu hizo hazikutoka kwenye mkokoteni. Tumezitengeneza hapa hapa, kwa kumnyima mlicholeta."

"Pumba zangu alikuwa anakula nani?" fundi akauliza.

"Zimo guniani. Njoo uzione."

Wakaondoka wote, na wengi hawajarudi mpaka leo. Mwezi ule tulikula ugali mtupu nyumbani, na mbwa wawili walioletwa langoni ilibidi niwaombee makao kwa jirani. Sikujuta. Ufunguo wa stoo nilimpokonya Meneja, akahamia kwa dada yake, anasema mama yake anapenda farasi kuliko mwana. Na aseme. Siku akirudi, ndoo ziko palepale, aje azijaze.

Jumatatu iliyofuata ile Jumamosi, fundi akatokea na gunia kichwani. "Sikuja kwako, bibi. Nimekuja kwa farasi. Na ndoo najaza mwenyewe."

"Jaza, mwanangu. Nami nitasimama pembeni."

Amejaza mpaka leo. Juzi bwana mmoja alisimama langoni, akamtazama Shangazi alivyonona, akacheka. "Bibi, farasi mnene hivi anahitaji msaada gani?"

"Wa kubaki hivyo," nikamjibu. "Mlango uko wazi, na ndoo ile pale."

MAFUNZO

Anayeuza jeraha hataki lipone. Ukipewa wa kumtunza, awe mnyama, mgonjwa au yatima, usimkondeshe ili upate cha kuombea. Hata ukisema unawalisha wengine, bado umemwibia yeye. Nawe mwenye kutoa, usingoje kuona mbavu ndipo mkono ufunguke. Na mzazi asimfichie mwana ubaya kwa kuwa ni wake. Mimi nimesema, na bado niko hapa.